Alama Yetu Kwenye Kioo

Vyombo vyote vya zamani vya nyumba hii vina alama. Geuza sufuria, jembe, mwiko, hata mbuzi ya kukunia nazi, na mahali fulani utakuta mistari mitatu mifupi inayokutana: unyayo wa kuku. Wajukuu hunicheka. Husema kwamba bibi angepata ngazi ndefu angeuwekea alama hata mwezi. Wacheke tu. Wao hawajapeleka sahani kumi na mbili za harusi yao msibani, wakarudishiwa tano, na kati ya hizo tano moja si yao. Vyombo vipya havina alama, na hilo hawajawahi kuniuliza.

Hayo ya sahani yalinipata mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, hapa Sagalla, miaka michache baada ya uhuru. Kwetu msiba ukitokea hakuna nyumba yenye vyombo vya kutosha, basi kila mwanamke hubeba vyake akavipeleka. Siku ya kuondoa matanga vyombo huoshwa vyote na kutandazwa uani juu ya magunia, ndipo kila mmoja akaokota vyake. Mwenye alama hana shida. Asiye na alama huokota vilivyobaki, na vilivyobaki siku zote ni vile vilivyobanduka rangi. Mimi nilikuwa bibi harusi mwenye maringo, nikadhani maua ya buluu ya sahani zangu yanatosha kuwa alama. Kumbe duka lile la Voi lilikuwa limeuza maua ya buluu kwa mlima mzima.

Nililia kwa hasira siku mbili. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Voi, akienda na kurudi kwa baiskeli, na jioni ya pili alirudi na tupa ndogo ya pembe tatu, imeisha makali upande mmoja. Aliniwekea mkononi. Alisema kwao kazini hakuna nyundo isiyo na alama ya mwenyewe, kwa hiyo niache kulia nijifunze. Tulikaa mlangoni akanishika mkono, akanionyesha jinsi ya kukwaruza bati bila kulitoboa. Unyayo wa kuku niliuchagua mimi. Alinitania kwamba nisipoangaliwa nitamwekea na yeye alama kisogoni, nami nikamjibu kwamba kisogo chake ni kigumu, tupa itaisha meno.

Naanza na tupa kwa makusudi. Ningeanza na kioo ningekuwa najitafutia pa kujificha.

Injini za siku hizo zilikuwa za moshi. Ndani ya kibanda cha dereva kulikuwa na bomba dogo la kioo la kuonyesha maji yamefika wapi kwenye tangi la mvuke, na bomba hilo lilikuwa likipasuka mara kwa mara, kwa sababu upande mmoja lina maji yanayochemka na upande mwingine upepo wa safari. Likipasuka, hurusha vipande pamoja na mvuke. Rafiki mkubwa wa mume wangu, aliyesimama naye kwenye harusi yetu, alikuwa mchochea moto wa injini. Siku moja injini ikiwa inapanda kutoka Mraru bomba lilipasuka likamchukua jicho la kushoto. Alirudishwa kwao Rukanga akalime, na kijana wa umri ule, mwenye nguvu kama zile, akawa mtu wa kutazama dunia kwa upande mmoja.

Bomba lile alikuwa amelifunga mume wangu asubuhi hiyohiyo. Hakuna aliyemlaumu. Mabomba hupasuka, kila mtu karakana nzima alijua, na rafiki yake mwenyewe alimwambia hivyo akiwa bado na bandeji kichwani. Lakini mume wangu alikuwa mtu asiyejua kujisamehe. Alikuja nyumbani, akakikataa kimanga nilichompikia, muhogo na maharage ya kupondwa, akaniuliza swali nililoliona la kitoto: kwa nini kioo kigumu namna hii, kisu hakikikwaruzi, kinapasuka kirahisi hivi?

Nilimjibu kwamba kinapasuka kwa sababu watu wana haraka. Mama yangu alinifundisha kwamba bilauri mpya haitiwi chai siku ya kwanza. Unaizungushia nyasi kavu, unaitia kwenye sufuria ya maji baridi yenye chumvi, unachemsha polepole, kisha unaiacha humohumo mpaka maji yapoe yenyewe. Bilauri iliyochemshwa hivyo hukaa miaka. Alicheka kwanza. Halafu akaitazama sufuria yangu kwa muda mrefu, na kesho yake akachemsha bilauri mbili, na mbili nyingine hakuzichemsha, akazimwagia zote chai ya moto.

Kazi yake yote ya miaka minne ilianzia kwenye sufuria ile. Nasema hivi kwa fahari, na kwa uchungu pia.

Alikuwa akiokota kwenye barabara ya Mombasa punje za vioo vya magari yaliyogongana. Alishangaa kwamba kioo cha gari hakivunjiki vipande virefu kama cha dirisha, bali humwagika punje kama mahindi. Alisema kuna kitu wamekifanyia. Hakuwa na wa kumuuliza, na vitabu vya mambo hayo havikuwa vikifika Sagalla, basi akaamua kukitafuta mwenyewe. Duka moja Voi lilikuwa limefungwa, akapata kioo cha kaunta yake, kinene kama kidole gumba. Alikikata vipande vya ukubwa wa kiganja. Alitaka kipande kimoja kama hicho kisimame mbele ya bomba la maji kwenye kila injini, ili bomba likipasuka kioo kipigwe badala ya uso wa mtu.

Nyuma ya nyumba alijenga tanuri la udongo mwekundu, akalitia mkaa na mvukuto wa ngozi. Alikipasha kioo mpaka kikaanza kuwa chekundu na kutaka kulegea, kisha akakitumbukiza ghafla ndani ya karai la mafuta ya moto. Mafuta ya mbarika hayakufaa peke yake, akayachanganya na ya mkia wa kondoo. Harufu ilishika nguo zetu, mablanketi, hata Biblia. Majirani wakipita waliniuliza mume wangu anakaanga nini leo, nami niliwaambia anakaanga vioo, na wao wakasema vikiiva tuwaite. Maji yenyewe ya kuosha ule moshi niliyafuata bondeni kwa debe kichwani. Niligomba, sikatai. Lakini sikumcheka hata siku moja, na hilo nalo nitalirudia.

Mwaka wa kwanza na wa pili vioo vilipasuka vyote. Vingine ndani ya mafuta, vingine mkononi mwake. Kimoja kilikaa rafuni siku sita kizima, tukiwa tunakula kikajipasua chenyewe kwa mlio kama wa bunduki, watoto wakaingia chini ya meza. Aligundua kwamba kioo chenye ukingo wa mparuzo hakiponi motoni, kwa hiyo akawa anakaa saa nyingi akisugua kingo kwenye jiwe na maji kabla ya kuwasha tanuri, mpaka zikawa laini kama sabuni iliyotumika. Aliniambia mara nyingi: ukingo ndio roho ya kioo. Nilikuwa nikisikia huku nikipepeta mahindi. Mtu akikueleza jambo moja kila Jumamosi kwa miaka, unazoea sauti unaacha maneno.

Mwaka wa nne kimoja kilipona. Akakiacha siku arobaini kabla hajakigusa. Siku ya arobaini na moja akaniita kwenye jiwe langu la kufulia, akakiangusha kutoka kimo cha kichwa chake. Kiliruka, kikalia kama sarafu, kikatulia. Akakipiga nyundo. Akanipa mimi nyundo. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu na hasira ya debe tatu za maji, nikakipiga kwa nguvu zangu zote, na nyundo ikarudi juu kunitishia pua. Mume wangu alinishika mikono tukazunguka pale juani kama watoto wa nasari. Sijawahi kumwona na furaha ile tena, kabla wala baada.

Alipata vitatu vya namna hiyo. Viwili alivimaliza kwa kuvijaribu, akitaka kujua mwisho wake ni wapi. Cha tatu alikipiga nyundo mara nyingi lakini kwa kiasi, akakiweka. Alipita Voi mhandisi mmoja wa reli, akakiona, akakigeuzageuza, akamwambia akilete Mombasa mbele ya wakubwa siku fulani. Hakumwahidi kitu. Lakini mume wangu alitoka pale akapanda baiskeli mpaka Rukanga, mwendo mrefu wa vumbi na ndovu, kumwambia rafiki yake kwamba hakuna mchochea moto mwingine atakayepoteza jicho.

Sasa nafika nilipokuwa sitaki kufika.

Asubuhi ya safari alikuwa ameshakifunga kioo ndani ya leso yangu na kukiweka kwenye kikapu. Akaenda kunyoa ndevu uani. Mimi nilikuwa jikoni nikifikiria Mombasa. Nilifikiria meza kubwa, watu wengi, karatasi nyingi, kitu cha mume wangu kikiachwa hapo wakakitazame vizuri, na kesho yake mtu anasema kioo gani, hapa hapakuletwa kioo. Niliziona sahani zangu nane zilizopotea. Nikaitoa tupa kwenye mfuko wa aproni, nikafungua leso, nikakishika kioo ukingoni kwenye kona, mahali ambapo hapaonekani usipopatafuta. Nilikwaruza mistari mitatu midogo. Kilikuwa kigumu, nilikwaruza mara tatu ndipo ukaonekana mstari mweupe. Nilipuliza unga wake nikakifunga tena. Kioo kilichoishinda nyundo, tupa ingekifanya nini? Niliona nimefanya jambo la mke mwema. Nilipomkabidhi kikapu nilikuwa natabasamu.

Alirudi kesho yake mchana. Nilimwona kwenye njia ya kupandia anaikokota baiskeli hata mahali pa kuipanda. Aliingia, akaweka juu ya meza kitambaa chake cha jasho kilichofungwa fundo, akalifungua. Zilikuwa punje.

Alinieleza mara moja tu, akitazama ukuta. Walikuwa wakubwa watatu, pamoja na yule mhandisi. Alikiweka kioo juu ya kitambaa, akaomba nyundo, akakigusa tu, kama unavyobisha mlango wa mgonjwa. Kioo kilimwagika chote. Punje nyingine ziliingia kwenye chai ya mkubwa mmoja. Hawakumtukana. Mmoja alicheka kidogo, na yule mhandisi alimsindikiza mpaka mlangoni akamwambia kwa upole kwamba kioo kinachojichagulia siku ya kuvunjika ni kibaya kuliko kile kinachovunjika kila siku.

Maneno hayo yalimmaliza. Angetukanwa angerudi tanurini kwa hasira. Kwa kuwa aliambiwa kwa upole, aliamini.

Mama mkwe alikuja kumfariji akasema kikulacho ki nguoni mwako, huko kazini kuna mtu. Alimaanisha wenzake wa karakana. Mimi nilikuwa namimina chai nikaitikia kwa kichwa. Na hapa nitasema kweli: siku hiyo sikuifikiria alama hata kidogo. Kweli nyingine ni kwamba siku ya tatu, nikiwa nafua, niliifikiria. Nilisimama na shati lake mkononi povu likinichuruzika. Kisha nikajiambia upuuzi, mikwaruzo mitatu isiyofika unene wa ukucha, nikaendelea kufua. Wazo lile nililisukuma chini kila lilipopanda, na lilipanda mara nyingi.

Hakuwasha tanuri tena. Kioo cha kaunta kilikuwa kimeisha, lakini hata kingekuwapo asingewasha. Punje alizitia kwenye kopo la majani chai akaliweka juu ya kabati, sijui kwa nini, nami sikuthubutu kuuliza. Kuku walihamia tanurini wakawa wanataga humo. Baadaye injini za moshi zikaondolewa, zikaja za dizeli, na mabomba yale ya kioo yakaisha kazi. Alipenda kulisema hilo mbele za watu, kwamba hata angefaulu asingefaa, halafu anacheka. Kicheko hicho nilikichukia. Kilikuwa cha mtu anayejichekea mwenyewe kabla wengine hawajamwahi.

Miaka ikapita, kama kumi. Kifua kilimsumbua kwa ajili ya moshi wa karakana na wa tanuri, akastaafu mapema, akawa anatengeneza viti vya jirani. Siku moja niliteremka Voi na pikapu ya kanisa kununua mbegu. Kioo cha mlango wa pikapu kilikuwa kimevunjwa, na dereva wetu alikuwa amepata kingine kutoka gari kuukuu, kirefu kidogo kuliko nafasi yake. Tukasimama kwa fundi wa vioo vya magari kando ya barabara kuu, mtu mzima wa pwani mwenye kofia, mpole, mwenye kidole kimoja kifupi.

Dereva alimwambia jambo jepesi. "Si upige tupa kidogo tu hapo kwa ukingo, kiingie?"

"Hiki hakipigwi tupa, mwanangu."

Dereva akabisha. Akasema yeye amekigonga na spana na hakikufanya kitu, seuze tupa. Fundi hakukasirika. Alichukua kioo kingine cha mlango kilichokwisha haribika, akakilaza juu ya gunia, akakigonga katikati kwa mpini wa nyundo. Kililia tu. Akakigonga tena, kwa nguvu. Kisha akakifunika nusu kwa gunia lingine, akachukua tupa, ndogo ya pembe tatu, akakipiga ukingoni. Hata sikuona mkono ukimaliza. Kioo kizima kilimwagika punje chini ya gunia.

Nilikaa chini, palepale kwenye vumbi. Walidhani ni jua. Fundi aliniletea maji mwenyewe, nami nikamuuliza kwa nini kimemwagika. Alichuchumaa akanieleza kwa utaratibu, kama aliyeona kwamba nina haja ya kujua.

"Kioo hiki kimepikwa, mama yangu. Kimetiwa motoni kikapozwa ghafla. Ngozi yake ya nje imejikaza, na ndani yake yavuta. Ngozi ikiwa nzima, utagonga mpaka uchoke. Ukiijeruhi kidogo tu, hasa ukingoni, basi kimekwisha. Kukata, kutoboa, kuweka alama, yote hufanywa kabla ya moto. Baada ya moto hakiguswi."

Nikamuuliza kama mtu anaweza kukipika kioo namna hiyo nyumbani kwake, kwa mkaa na mafuta. Alifikiri akasema ni kazi ngumu, atakayeweza ana akili si haba.

Tuliporudi sikusikia neno la dereva njia nzima. Mume wangu alikuwa ametoka kwenda kanisani kupiga misumari benchi. Ningeweza kumfuata. Badala yake nilipanda juu ya kigoda nikatoa kopo la majani chai, nikamwaga punje kwenye ungo, nikatoka nazo juani. Nilizipepeta, nikazichambua moja moja kama mchele wenye mawe. Mkono wangu unajua kupepeta. Nilizipata: punje mbili zilizoshikana, ndogo kuliko jino la mtoto, na katikati yao mstari mweupe, na pembeni mwanzo wa mstari wa pili. Nilizijua kama ninavyoijua sahani yangu.

Zile nyingine nilizirudisha kopani, nikalirudisha kopo juu ya kabati. Zile mbili nilizipeleka chooni nikazitupa shimoni. Nimeungama mengi kanisani, hilo sijawahi kuliungama. Alama niliiweka bila kujua. Chooni nilikwenda nikijua.

Hata hivyo nilidhani nitamwambia. Nilijiambia nitamwambia akishakula. Alikula, nikakaa karibu naye, nikaanza kwa mbali, nikamwambia kwamba leo Voi nimeona fundi anavunja kioo cha gari kikamwagika kama kile chako. Alitabasamu. Si kile kicheko chake cha mbele za watu, bali tabasamu la mtu aliyepumzika.

"Mama watoto, unajua mimi namshukuru Mungu kilivunjika kule mezani? Kingepita, wangekiweka kwenye injini, kisha kikapasuka usoni mwa mtoto wa mtu. Ningelala vipi?"

Nikaziondoa sahani. Miaka kumi alikuwa amejijengea kitu cha kukalia, na kitu chenyewe kilikuwa hicho: kwamba alikosea, na kosa lake likamwokoa mtu. Nikimwambia, namrudishia kioo chake, kioo kizuri, kilichofaulu, na namwonyesha aliyekivunja. Nilijiambia namwonea huruma, nisimbomolee amani yake. Huo ndio udhuru niliojipa na nilikuwa nao tayari kila siku. Lakini nilikuwa nikiogopa uso wake. Kati ya yeye kujua kwamba alikuwa fundi wa kweli, na mimi kubaki mke mwema, nilijichagua mimi.

Aliishi miezi minane baada ya hapo. Nilikuwa na siku zaidi ya mia mbili za kumwambia, na kila siku ilikuwa na chai ya asubuhi na chai ya jioni. Mwishoni hakuweza kulala chali, nikawa namkalisha nimeegemeza mgongo wake kifuani pangu ili apumue. Siku moja ya jua kali akiwa amekaa hivyo, alianza kuzungumzia tanuri, karai, mafuta ya kondoo, majirani na maneno yao. Nilihisi mbavu zake zikicheka.

Akasema, "Wote walinicheka. Wewe peke yako hukunicheka."

Hakuona uso wangu, maana alikuwa amenipa mgongo. Hayo hayakuwa maneno yake ya mwisho, ya mwisho aliomba maji. Lakini mimi ndiyo niliyobaki nayo.

Tulimzika mteremkoni chini ya nyumba, upande unaotazama reli. Watu walijaa, na wanawake wa Sagalla walibeba vyombo vyao wakavileta kama ilivyo desturi, nami nikatoa vyote vya kwangu. Rafiki yake alikuja kutoka Rukanga, nywele zimekuwa nyeupe, akakaa siku zote za matanga kwenye benchi karibu na tanuri lililobomoka. Mtu mmoja akamtania marehemu, kwa wema tu, kuhusu vioo vya kukaanga, watu wakacheka kidogo kama wanavyocheka msibani. Yeye hakucheka. Alisema kwamba mtu aliyezikwa hapa alihangaika miaka minne kwa ajili ya jicho ambalo si lake, na kama hakufaulu si neno. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika. Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema, alifaulu, mimi ndiye niliyekivunja, na watu wote waliohitaji kuyasikia walikuwa uani kwangu. Niliwamiminia chai.

Siku ya kuondoa matanga vyombo vilioshwa vikatandazwa juu ya magunia, kila mmoja akaokota vyake. Yule rafiki alikuwa anaaga apate lori la kurudi. Alinijia na kikombe cha bati alichokuwa akinywea siku zote zile, amepitisha kidole chini yake.

"Shemeji, hiki kiweke ndani kisije kikapotea. Ni chenu, nimeona alama."

Unyayo wa kuku niliuona, lakini nikamwambia si chetu. Alikisogeza karibu na jicho lake, akakitazama tena, kisha akainama taratibu akakirudisha juu ya gunia, pamoja na vile visivyo na mwenyewe.